Haikuonekana

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana mwenye kisa bado anaongezewa damu, palikuwa na kiwanda cha viatu, na ndani yake chumba cha kupaka gundi. Sikitu alipaka gundi humo miaka sita. Akaanza kutoka damu puani, akagoma. Alisema harudi mpaka hewa ya chumba ipimwe.

Ikapimwa. Waliohusika walikuwa watatu, na nikiwataja hasira inanipanda, mnivumilie.

Wa kwanza, Lubuva, alikinga hewa kwenye mfuko wake maalumu. Ulipaswa ufike maabara siku ileile. Akauacha garini siku tatu, juani, na mfuko wa namna hiyo huvuja polepole.

Wa pili, Nyamizi, aliiingiza hewa iliyobaki kwenye mashine ya kromatografia. Mashine hiyo hutenganisha gesi moja moja kama ungo unavyotenga chuya na mchele, kisha huichorea kila moja kilima chake. Benzini, sumu ya damu, ikachora kilima kidogo. Nyamizi alikiona kwa macho yake mawili. Akaandika: "Haikuonekana."

Wa tatu, Kyaruzi, ndiye aliyekiandikia kiwanda barua. Akaliona neno hilo refu, akalifupisha: "Haimo."

Sikitu akasomewa barua, akarudi kwenye gundi. Miezi minane baadaye mwili wake ukaacha kutengeneza damu.

Walipoitwa kujieleza, Lubuva alisema, "Gari halikuwa na mafuta. Mimi nilivujisha hewa, sikuandika uongo."

Nyamizi alisema, "Kanuni ya maabara ni kwamba kilima kisichofika mstari wa kiwango cha chini huandikwa haikuonekana. Angeniletea mfuko mzima, kingefika."

Alikiona, jamani, akaandika haikuonekana! Kanuni gani hiyo ya kumfumba mtu macho yaliyo wazi?

Kyaruzi alisema, "Kisichoonekana hakimo. Ndicho Kiswahili nilichofundishwa."

Na Jumapili, Kyaruzi, huwa unakwenda kanisani kumwimbia nani?

Sikitu ameletewa fomu ya malalamiko kitandani. Ina mstari mmoja tu: jina la mkosaji. Ukiandika mawili, inarudishwa. Kalamu ameishika tangu asubuhi.

Msiniambie wote watatu. Hilo hata mimi nalijua, ila fomu hailijui. Nyie mliosikia, mshikieni mkono: je, nani aandikwe?