Kucha za Mishi na Ustaarabu wa Bwana Shekue

Enyi mliokusanyika kwa hiari zenu, na nyinyi mliosukumwa humu na mama zenu. Enyi mliowahi mkapata mikeka, na enyi mliochelewa mkapata sakafu: nawaamkua nyote kwa taadhima. Nipeni masikio. Midomo ifungeni, isipokuwa kwa kucheka.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, mapazia yao na majirani wa kuwasema, aliishi Chui mmoja, jina lake Bwana Shekue. Alikuwa mkubwa wa mwili, mkubwa wa sauti, na mkubwa zaidi kwa maoni yake mwenyewe. Mkewe, Bi Zaituni, ndiye aliyekuwa na akili humo nyumbani, lakini alizitumia kwa kiasi ili mumewe asijihisi mpweke.

Nyumba hiyo ilifuga Paka, jina lake Mishi. Kazi yake ilikuwa kukamata panya ghalani, kulala, na kuwapokea wageni kwa adabu. Zote tatu alizifanya vizuri, ya pili hasa.

Basi siku moja kochi likaingia nyumbani. Lilikuwa la mahameli mekundu, na miguu yake imechongwa. Bi Zaituni alikuwa amelitamani miaka miwili. Mishi alilitazama, akalisogelea, akanyoosha mgongo.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Hakukusudia ubaya. Paka hukwaruza kama wewe unavyojinyoosha ukiamka. Lakini mahameli hayakuwa na habari hiyo, yakachanika.

"Umemwona mnyama wako, mke wangu?" alisema Bwana Shekue. "Nyumba ya wastaarabu, halafu ndani yake kucha."

"Nimemwona," alisema Bi Zaituni. "Na miimo ya mlango wa mbele, je? Imechimbika kama shamba lililolimwa."

"Ile ni nakshi," alijibu Chui, akificha vidole nyuma ya mgongo. "Niliitia mimi mwenyewe."

Chini ya kochi, Mishi aliikumbuka ile nakshi, akaona haya kwa niaba ya seremala.

"Ipo dawa," Chui aliendelea. "Kule mkondoni yuko Fundi Kaa. Anaziondoa kucha mara moja, wala hazioti tena. Paka anabaki laini kama mto. Bi Kiboko anaisifu sana kazi ile."

"Bi Kiboko hana paka."

"Ndiyo maana maoni yake hayana upendeleo."

Bi Zaituni alilitazama kochi, kisha akayatazama macho mawili yaliyong'aa chini yake. Alimpenda paka, na alilipenda kochi. "Sijui," alisema. "Mlete huyo fundi aeleze. Nikishamsikia, nitaamua."

Asubuhi ya pili Fundi Kaa akaja, ubavu ubavu, magando yake mawili yakilia ka, ka, ka. Alikaribishwa, akaketi.

"Ni kupunguza kidogo tu, bibi," alimwambia Bi Zaituni. "Ni kama kukata nywele."

"Kama nywele tu?"

"Nywele za vidoleni, tuseme."

Bi Zaituni alishusha pumzi, akaenda jikoni kuleta kahawa. Hapo Mishi akatoka mafichoni, akakaa mbele ya fundi, mkia umezunguka miguu.

"Shikamoo, Fundi. Naomba kuuliza. Unakatia wapi?"

Kaa alimtazama kwa mshangao. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, ila Bwana wako. Nami mwenye vidole simdanganyi. Nakatia hapa, kwenye kiungo. Ukucha wa paka umeshikana na mfupa. Ukiuondoa peke yake, utaota tena. Kwa hiyo ncha ya kidole nayo huenda."

"Vidole vingapi?"

"Kumi. Vya mbele tu. Mimi si katili."

"Na mbwa wa uchochoroni akinikimbiza, nitapandaje ukuta?"

"Hilo si la fundi," alisema Kaa. "Hilo ni la mbwa."

Mishi alirudi chini ya kochi, akavilamba vidole vyake kimoja kimoja, hadi kumi, kama anayeaga. Alifikiri kukimbia. Lakini angekimbilia wapi, nje wakiwako mbwa? Alifikiri kumweleza Bi Zaituni. Lakini Bwana Shekue angesema paka anaropoka kwa hofu, na Kaa angerudia hadithi yake ya nywele. La, neno hilo lilipaswa kutoka katika kinywa kimoja tu, nacho kilikuwa kinywa cha Bwana Shekue mwenyewe.

Akamfuata barazani.

"Shikamoo, Bwana wangu. Nimetafakari. Jambo lenye heshima kubwa namna hii haifai lifanywe kimyakimya kama wizi. Waalikwe wakubwa wa mtaa. Upikwe wali. Nawe, Bwana, useme machache."

Bwana Shekue alikuwa na uwezo wa kukataa mambo mengi, lakini kusema machache halikuwa mojawapo.

"Kumbe una akili, wewe," alisema.

"Kidogo tu, Bwana. Nimelelewa katika nyumba hii."

Ijumaa mchana wageni wakafika. Mzee Nyati alikuja na pembe zake zilizopakwa mafuta; Bi Kiboko alikuja na kinywa chake, na kilitosha kujaza upande mmoja wa sebule. Fundi Kaa aliketi katikati, mbele ya chano cha mti kilichotandikwa kitambaa cheupe. Bi Zaituni alikaa karibu na kochi lake, mikono mapajani, bado hajatamka uamuzi.

Mishi akapita na birika kuwanawisha. Alianza na Bwana Shekue, kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba. Akafuata Mzee Nyati, kisha Bi Kiboko. Wageni waliona, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hao walikuwa watu wa adabu: wangeweza kukusamehe ukichoma nyumba, lakini si ukimnawisha mdogo kabla ya mkubwa.

Walipokwisha kula, Bwana Shekue akasimama kusema machache, na machache hayo yakachukua muda wa kukauka sufuria.

"Kucha, ndugu zangu, ni ushamba. Ni mabaki ya porini. Anayeondolewa kucha hapungukiwi, bali anapanda daraja."

"Kweli tupu," alisema Bi Kiboko. "Mimi sina hata ukucha mmoja, na nitazameni nilivyo."

Walimtazama, kisha wakamgeukia tena Bwana Shekue.

"Wala haumii mtu," Bwana Shekue aliendelea, akilewa sauti yake mwenyewe. "Ni zawadi. Ni tunu. Laiti kila mwenye kucha duniani angeipata bahati hii."

Sentensi hiyo ndiyo Mishi aliyokuwa akiingoja. Alisimama, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya upole:

"Tuzo iliyo ya shani, mkubwa hupewa kwanza,
Hata maji mkononi, kwa mzee tunaanza,
Nitawezaje nyumbani, adabu bila kutunza?
Nyosha mkono chanoni, fundi kazi kuifanza."

 Nzi mmoja alitua kwenye sinia, akafikiri, akaondoka.

"Paka kanena," alisema Mzee Nyati. "Mkubwa hutangulia."

"Mimi sijapata kuona mdogo akatangulizwa mbele ya mwenye nyumba," alisema Bi Kiboko. "Ingekuwa aibu. Tungeisema mwezi mzima."

"Naam, lakini," alisema Bwana Shekue, "leo nina mafua."

"Mafua yako puani, Bwana," alisema Fundi Kaa. "Mimi nashughulika na vidole. Mkono wa kulia, tafadhali. Kuanza na wa kushoto si adabu." Ka, ka.

"Tuanze na paka. Mimi nitafuata. Mwakani."

"Tazameni unyenyekevu wake," alisema Mzee Nyati, machozi yakimlengalenga. "Anaona haya kuheshimiwa. Hebu tumsaidie." Akaukamata mkono wa Chui kwa upendo mwingi na nguvu za nyati, akaulaza juu ya kitambaa cheupe. Gando likafunguka. Likashuka. Likagusa kiungo cha kidole cha kwanza.

"Niacheni!" Bwana Shekue alinguruma, hata vikombe vikagongana. "Huyu hakati kucha, anakata vidole! Na mfupa juu! Aliniambia mwenyewe siku nilipokwenda kumwita!"

Nyati akamwachia. Bwana Shekue alikumbatia mkono wake kifuani kama mtoto mchanga, na hapo ndipo alipotambua nani aliyekuwa akimtazama.

"Ulijua," alisema Bi Zaituni.

"Mke wangu, nilitaka kulilinda kochi lako."

"Mimi niliambiwa ni kama nywele."

"Ni karibu sawa na nywele."

"Basi rudisha mkono chanoni, tuuone huo ukaribu."

Bwana Shekue hakuurudisha. Aligundua ghafla jambo la kupendeza sana darini, akaendelea kulitazama.

Bi Zaituni akainuka. "Fundi, maliza wali wako, kisha nenda zako salama. Katika nyumba hii hakikatwi kitu isipokuwa vitunguu." Akamgeukia Mishi. Paka alikuwa angali ameinamisha kichwa, lakini vidole vyake kumi alikuwa amevikunja ndani, kwa maana shairi lingekosea njia, zamu ya pili ingekuwa yake. Bi Zaituni alimwinua, akamweka juu ya kochi, upande ule uliochanika.

Siku ya pili aliagiza gogo la mnazi, akalizungushia kamba ya usumba wa nazi toka chini hadi juu, akalisimamisha kando ya kochi. Mishi alilinusa, akalizunguka mara mbili kama mnunuzi asiyeamini, kisha akanyoosha mgongo. Kwaru, kwaru, kwaru. Mahameli yakapona. Na Bwana Shekue alikaa miezi mitatu pasipo kulitaja neno ustaarabu barazani, hata majirani wakalala usingizi mzuri ambao hawakuujua tangu ahamie mtaa ule.

Funzo lake ni hili: anayekusifia maumivu kuwa ni heshima, mwombe kwa adabu akutangulie.

Nami sikukitunga kisa hiki, nimekipanga maneno tu. Aliyenisimulia kwanza, huku akishona kofia na paka wake amelalia uzi, ni Bi Mwanashuru binti Athumani.