Kesi Mbili Uani kwa Chilongani

Mtu mmoja alikuwa na gari jeusi, na alikuwa na mke. Naanza na gari kwa sababu siku ile wazee nao walianza na gari.

Mtu huyu aliitwa Chilongani, mfanyabiashara wa alizeti mjini Dodoma. Alikuwa mtu wa kanisani, mwepesi wa kuchangia misiba, na salamu yake ilikuwa ya furaha. Sitamweka katika kundi la watu wabaya, kwa maana sijui ni nani kati yetu aliye nje ya kundi hilo. Gari lake alilipenda sana. Kila asubuhi, kabla ya chai, alichomoa kitambaa kilichokaa chini ya kiti cha dereva na kulifuta vumbi. Hakutumia maji. Alilifuta likiwa kavu, kwa mkono wa kuzungusha, kuanzia boneti hadi buti, huku akiongea na wapita njia. Kitambaa kilipomponyoka alikiokota, akakikung'uta gotini, akaendelea.

Vumbi la nchi ile si unga. Lina mchanga ndani yake. Anayelifuta likiwa kavu juu ya rangi anapiga msasa, ingawa moyoni anadhani anabembeleza. Chilongani hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba jua likipanda, juu ya boneti ilionekana miduara myembamba isiyo na idadi, kama utando wa buibui, na kwamba watu waliiona.

Kwa hiyo alikwenda kwa Eliamani, fundi Mchaga mwenye banda la kung'arisha magari karibu na maegesho ya malori. Eliamani aliliosha gari kwa maji mengi, akalikausha, akawasha taa kali na kuipitisha juu ya rangi ili makovu yote yajitokeze. Kisha akaweka dawa kwenye sponji ya mashine yake na kuiwasha. Sponji ilizunguka juu ya boneti kwa mngurumo mzito, taratibu, ikienda na kurudi kama mtu anayelima matuta. Miduara ikaondoka. Chilongani aliinama karibu na mlango, akajiona hadi mvi za kidevuni. Akafurahi. Kesho yake asubuhi akachomoa kitambaa.

Miduara iliporudi, naye alirudi kwa fundi. Ikawa hivyo tena na tena. Siku moja Eliamani, ambaye alikuwa ameshakiona kile kitambaa, alimwambia kwa heshima, "Mzee, hiki ungekipumzisha."

Chilongani akacheka. "Ninyi Wachaga hata tambara mnataka kuuza. Washa mashine, kijana."

Wakacheka wote wawili, na mashine ikawashwa. Eliamani hakulisema tena jambo hilo. Alisema mara moja, akaona amemaliza wajibu wake.

Mke wa Chilongani aliitwa Yustina, mama wa binti yao Tabitha. Nyumbani Chilongani alikuwa mwepesi wa mkono. Si kila siku, na hakupiga bila kujuta. Majuto yake yalikuwa ya kweli, nayo yalileta vitenge vipya na wiki nzima ya upole. Lakini majuto yakiisha mkono ulibaki. Yustina alipozidiwa alikimbilia kwa dada yake, na ndipo wazee wa jumuiya walipoitwa.

Ndivyo walivyozoea katika mtaa ule, na desturi hiyo ina heshima yake, kwa kuwa imetuliza ugomvi mwingi ambao mahakama ingeuchochea. Wazee huketi uani kwenye viti vya nyumba husika. Mume husema, mke husema. Kisha mwenyekiti hutafuta kitu ambacho mke anaweza kukipunguza, ili moto ukose kuni. Wakishakubaliana, huletwa sahani moja ya ugali. Mume na mke hunawa na kula pamoja mbele ya wazee, na tangu tonge la kwanza ni mwiko kwa mtu yeyote kulitaja tena jambo lile.

Kikao cha kwanza kilimwambia Yustina apunguze kujibu. Alikuwa mwanamke wa maneno ya kuchekesha, ambaye kicheko chake kilisikika hadi barabarani. Akapunguza. Kikao kilichofuata kiliona kwamba kwaya inamchelewesha kurudi nyumbani. Akaiacha kwaya, yeye aliyekuwa akiiongoza sauti ya pili. Baadaye walisema cherehani yake pale sokoni inamfanya mume ajione mdogo. Cherehani ikauzwa. Kila mara alinawa, akala tonge. Kila mara nyumba iling'aa kwa muda, na majirani walipita wakasema, tazama, wamepatana. Hawakuwa wanafiki. Waliona mng'ao, wakaushangilia.

Kisha Yustina akakimbia tena, safari hii sikio lake la kushoto likiwa halisikii kitu ila mvumo. Wazee wakapanga siku ya kikao. Kila mtu alijua watakachofanya: watamrudisha.

Ikatokea kwamba juma hilohilo gari lilitoka kwa fundi likiwa na doa. Kwenye ukingo wa boneti, pale bati linapojikunja, mashine ilikuwa imepenya hadi chini, na rangi ya kijivu inayopakwa kwanza, chini ya ile nyeusi, ikatokea kama kiwiko kilichochubuka. Chilongani alihamaki kiasi cha kushindwa kula. Na kwa kuwa wazee walikuwa wanakuja kwake, akamwita Eliamani aje ajibu mbele yao.

Walipoketi, mwenyekiti wao, Mzee Ndahani, bwana shamba mstaafu, akasema, "Tumalize la gari kwanza. Ndilo jepesi." Yustina alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, dada yake nyuma yake. Wakaambiwa wasubiri.

"Kijana," Ndahani akamwambia Eliamani, "umelichubua gari la mwenzako."

"Nimelichubua, mzee. Sikatai."

"Mashine imekushinda?"

"Haijanishinda. Rangi ndiyo imekwisha." Eliamani aliona hawajamwelewa, akaendelea. "Mzee, mkwaruzo ni bonde. Bonde halitolewi. Mashine inasaga pembeni, mahali pazima, mpaka pashuke palingane na bonde. Ukiona boneti inang'aa, usidhani jeraha limepona. Ni pale palipokuwa pazima ndipo pamepunguzwa."

Mzee mmoja akaguna. "Kumbe kila likitoka kwako likiwa zuri, limepungua?"

"Limepungua, mzee. Juu ya rangi kuna ngozi moja ngumu, nyembamba kuliko karatasi. Ikisagwa haioti tena."

"Na ulijua hivyo ukaendelea kusaga?"

"Alikuwa anakuja, mzee. Ningemfukuza?"

Wakacheka kidogo, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na mteja wa namna hiyo katika maisha yake. Lakini Ndahani hakucheka. Aliegemea mbele, akauliza swali ambalo naomba mlishike, kwa maana liliulizwa mapema na bila mtu yeyote kulazimishwa. Aliuliza, "Hii mikwaruzo inatoka wapi?"

Eliamani akamtazama mwenye gari. "Hilo mzee mwenyewe analijua. Ni kile kitambaa."

"Kileteni."

Kitambaa kikaletwa. Ndahani, aliyepima udongo maisha yake yote, alikisugua kati ya vidole karibu na sikio lake, akausikia mchanga ukikwaruza. Kisha akakipitisha kwa wenzake, nao wakasugua, mmoja baada ya mwingine, na uso wa kila mmoja ukabadilika.

"Chilongani," Ndahani akasema, na sauti yake ilikuwa na ghadhabu, "hakuna aliyekuonea. Mharibifu ni wewe. Unaumiza asubuhi, unapeleka kwa fundi jioni, unarudi unaumiza tena. Hakuna ufundi duniani wa kukiponya kitu ambacho mwenyewe hajaacha kukijeruhi. Ukilipeleka tena kusagwa kabla hujaacha hii tabia, unalimaliza. Litabaki bati tupu, na bati tupu huliwa na kutu."

"Ndivyo," wakasema wazee.

Wakaamua. Fundi alikuwa na kosa la kunyamaza, naye atapaka rangi ule ukingo kwa gharama yake. Mwenye gari ana kosa kubwa zaidi. Kitambaa kitupwe, gari lioshwe kwa maji, na mashine isiliguse tena. Chilongani aliinamisha kichwa, akakubali. Ilikuwa hukumu ya haki, na wazee waliifurahia kama watu wanavyofurahia haki waliyoitenda wenyewe. Chai ikamiminwa.

Kisha wakageuza viti kumwelekea Yustina. Jikoni ugali ulikuwa umeshasongwa.

Ndahani alilainisha sauti yake. Nataka kumtendea haki mzee huyu: alimwonea Yustina huruma, na macho yake yaliionyesha huruma hiyo. "Mama Tabitha," alisema, "pole sana. Wewe ni mtu mzima, unajua nyumba ni kuvumiliana. Hebu tutazame pamoja ni kitu gani kingine unachoweza kukipunguza, ili mwenzako asipandwe na hasira."

Yustina alikuwa amegeuza kichwa, akimsikiliza kwa sikio lililobaki. "Baba," akasema, "la gari mmeuliza mikwaruzo inatoka wapi. La kwangu mbona hamjawahi kuuliza?"

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba hayo ya zamani yalishaliwa ugali, na kuyafufua ni mwiko.

Ndahani akatikisa kichwa taratibu, kama baba anayemrekebisha mtoto. "Usijishushe hivyo, binti yangu. Mwanamke si gari."

"Ni kweli, baba," Yustina akasema. "Gari mmelihurumia."

Sahani ikaletwa wakati huohuo, kwa kuwa aliyekuwa jikoni hakusikia. Ikawekwa katikati, na birika la maji ya kunawa likashikiliwa mbele ya Yustina. Hakunyoosha mikono. Alisimama, akamshika dada yake begani, wakatoka nje ya geti. Chilongani akainuka kuwafuata, na Ndahani akamwambia, "Kaa." Akakaa. Wazee wakangoja mwenyekiti wao aendelee, naye hakuendelea. Alikuwa amekalia kiti kile miaka mingi, na katika desturi yote aliyorithi hapakuwa na maneno yaliyokusudiwa kwa mume.

Wapo waliosema baadaye kwamba Yustina aliwadharau wazee. Wanalisema hadi leo, na wengine wao ni watu ninaowaheshimu. Mimi nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na hasira yangu haijapoa. Haiko kwa Chilongani peke yake. Mtu anayepiga anajua kwamba amepiga, na usiku anajijua alivyo. Hasira yangu iko juu ya viti vile. Watu wema walikaa, wakaonyeshwa bati lililochubuka, na kabla chai haijamiminwa walikuwa wameshaufuata mkwaruzo hadi kwenye mkono ulioufanya. Akili hiyo walikuwa nayo. Hasira hiyo walikuwa nayo pia. Hawakuwa wajinga, na laiti wangekuwa wajinga ningewaombea radhi. Lakini mbele ya mwanamke akili ile waliiweka pembeni, wakawasha mashine. Walichukua kicheko chake, kikasagwa. Walichukua wimbo wake na kazi ya mikono yake. Kila walipomaliza walimsifu, wakamwita mvumilivu, kana kwamba mtu kupungua ni tabia njema.

Nasi tunaosikia tusijifiche nyuma yao. Wengine kati yetu tunaamua kesi ukumbini, wengine kazini, wengine jikoni kati ya watoto wetu, na neno letu la kwanza mara nyingi ni kwa yule anayelia: nyamaza, jishushe, acha hiki, samehe kile. Tunamwambia yeye kwa kuwa yeye ndiye anayetusikiliza. Aliyeumiza tunamwogopa, au tunampenda, au tunakula kwake. Kisha tunanawa mikono na kuuita utulivu ule amani.

Basi niambieni, ninyi mnaokalia viti vya usuluhishi: mtu aliyeumizwa akishapunguzwa hadi akalingana na jeraha lake, mmempatanisha na nani?