Aliyekata Ubeti wa Nyamizi

Wapendwa, pale Mwanza kulikuwa na lebo moja ya muziki, ya hawa vijana wa hip hop. Wazee msikunje uso, nisikilizeni kwanza. Lebo ile ilikuwa na nyota mmoja aliyejaza viwanja kila alikokwenda, na pembeni yake wenzake kadhaa ambao nje ya mtaa wao hakuna aliyewajua. Nyota akamwendea bosi, akamsihi watoe albamu ya pamoja, ili wanaomfuata yeye wawasikie na wenzake. Bosi hakupenda. Nyota akashikilia msimamo mpaka akakubaliwa.

Kati ya wenzake hao alikuwamo binti aitwaye Nyamizi, msusi wa sokoni, aliyekuwa akitunga mistari kichwani huku vidole vikisuka. Nyota ndiye aliyemsikia, akamshika mkono, akampeleka studio. Kwenye albamu alipewa ubeti mmoja, katika wimbo mkubwa kuliko zote, mara tu baada ya ubeti wa nyota. Akaweka humo habari za mama yake, aliyemlea kwa kuponda kokoto. Siku anarekodi, fundi wa studio aliacha mashine zake akabaki anamtazama.

Albamu ikakaribia kutoka, wakaitwa kuisikiliza. Wimbo ukapigwa, Nyamizi akasubiri zamu yake. Yakapita maneno yake machache ya mwanzo, kisha kiitikio kikamfunika. Mama yake hakutajwa kabisa. Wenzake wakamnong'oneza anyamaze, ashukuru hata kwa hayo, maana wapo wanaotamani hata neno moja na hawalipati. Mnayajua maneno hayo, sivyo? Yamewanyamazisha wangapi humu ndani?

Nyamizi hakunyamaza. Alimfuata bosi, bosi akasema hajagusa kitu. Akamfuata fundi, fundi akainamisha kichwa, akasema aliambiwa apunguze, lakini hakutaka kumtaja mtu. Kesho yake asubuhi akaenda kwa nyota mwenyewe, maana ndiye mtetezi wake. Alimkuta anaosha gari. Akamweleza yote, akamwomba amsaidie kumjua aliyemkata.

Nyota akafunga bomba.

"Ni mimi, Nyamizi," akasema.

Nyamizi alidhani hakusikia vizuri.

"Niliusikiliza ubeti wako, halafu nikausikiliza wangu. Wangu ukawa kama wa mtu anayejifunza. Nikamwambia fundi akupunguze."

Sasa wewe uliyekaa hapo, ungefanya nini? Ungelia? Ungemtukana na kuondoka? Huyu ndiye aliyemtoa sokoni, na angeweza kumrudisha hukohuko kwa neno moja. Nyamizi akamjibu, na sauti haikulegea.

"Kaka, sikuja kukushusha. Lakini ubeti wangu usiukate. Rudi studio, ukauandike wako upya."

Nyota akatupa sponji ndani ya ndoo, akaingia ndani kuchukua funguo, wakaondoka pamoja na gari likiwa na povu upande mmoja. Ubeti wa Nyamizi ukarudishwa wote, na mama yake ndani. Ubeti wake mwenyewe, nyota akaufuta. Akaandika, akafuta tena, akaandika, jasho likamtoka mpaka jua likashuka. Albamu ilipotoka, watu walisema hajawahi kuchana mistari namna ile tangu aanze.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa kuomba. Tunamwomba Mungu atuinulie watumishi, na tunawashika mkono kwa upendo wa kweli, tunawaleta. Halafu siku yule dada anapoomba na kanisa zima likatulia, siku kijana wa kwaya anapoimba na watu wakasahau kwamba sisi tuliimba jana, tunatafuta mkasi. Tena hatukati wenyewe, tunamtuma mtu, ili tuendelee kuitwa watetezi. Kwa nini? Mungu alipompa mwenzako, alichukua kutoka mfukoni mwako?

Na wewe uliyekatwa, usiende kulalamika vichochoroni. Nenda kwa mwenye mkasi, useme naye kwa heshima, bila kutetemeka.

Ila wengi wetu leo si Nyamizi. Wewe umemkata nani? Mrudishie nafasi yake leo hii, ukitoka mlangoni. Ukishamrudishia, kaa chini, na kazi yako uianze upya.