Hodi ya Angani

"Hata angani hupigwa hodi." Mmesikia mama yenu akimwambia hivyo yule fundi wa dishi aliyepanda paa la jirani bila kuuliza, nanyi mkacheka mkidhani maneno hayo ameyatunga papo hapo. Hakuyatunga yeye. Methali hii ilizaliwa kwenye harusi yake mwenyewe, na mimi dada yake nilikuwepo. Sogeeni basi, niwaambie ilivyoanza.

Baba yenu Muhwezi alipokuja kumposa mama yenu Kokugonza kutoka Ankole, nchi jirani ng'ambo ya mto Kagera, sisi huku Karagwe tulifurahi mpaka majirani wakaambukizwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na jambo moyoni, naye ni bibi yenu. Siku chache kabla ya safari ya kwenda harusini Ankole aliteleza kwenye ngazi za kanisa akavunjika nyonga, na daktari akamkataza kabisa kupanda gari. Hakulia mbele yetu. Alikuwa akikaa kitandani na gauni lake jipya mapajani, akilikunja na kulikunjua, akilikunja na kulikunjua.

Mjomba wenu Rweyongeza ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Kazi yake ilikuwa kuuza vipuri vya pikipiki, lakini mapenzi yake yote yalikuwa kwenye droni, kile kidege chake chenye kamera. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa uwanjani akiirusha, na watu wakimzunguka. Msidhani alikuwa mhuni. Hapa kwetu alikuwa amefuata sheria zote na kibali alikuwa nacho. Basi akamshika bibi yenu mkono, akamwambia, "Harusi utaiona, mama. Tena utaiona kutoka juu, kama malaika wanavyoiona."

Bibi yenu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Kwa tabasamu lile, mjomba wenu angevuka hata moto.

Tukiwa njiani nilimuuliza, "Na huko tuendako, wanaruhusu?"

"Kibali ninacho, dada."

"Hicho ni cha huku."

"Anga ni moja, dada yangu. Umeona wapi mawingu yakisimama mpakani kuulizwa pasi?"

Gari zima likacheka, nami nikacheka. Lilikuwa jibu tamu, na jibu tamu watu hulimeza bila kulitafuna.

Tulifika Ankole tukapokelewa kwa maziwa na nyimbo. Kesho yake, siku ya kuamkia harusi, Rweyongeza akaitoa droni ili aijaribu. Alitamani sana kuona vile vilima, migomba na ng'ombe wenye pembe ndefu kama matao ya lango. Akairusha. Watu wote wa boma wakatoka wakapiga vigelegele, na bibi mmoja akalipungia kitambaa lile dude. Ng'ombe hawakupiga vigelegele. Walisikia mlio ule wa nyuki mkubwa, wakainua mikia, wakatimka na kuingia moja kwa moja kwenye turubai la harusi. Nguzo zikalala. Tulicheka hadi tukaegemeana, na wachungaji wakawa wanakimbia huku nao wakicheka.

Kicheko kilikatwa na ngurumo. Ndege ndogo ilitokea nyuma ya kilima, ikishuka. Kumbe kule nyuma kulikuwa na kiwanja kidogo cha ndege, nasi wageni hatukujua. Ghafla ndege ikainua pua, ikapaa tena na kuzunguka. Rweyongeza akaishusha droni upesi. Ndege ikazunguka tena, ndipo ikatua salama, na sote tukashusha pumzi.

Hatukukaa sana, pikipiki ya polisi ikaingia bomani. Aliyeshuka alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Akajitambulisha kuwa ni Afande Tumwine, kisha akauliza kwa Kiswahili cha kambini, "Mwenye droni ni nani?"

"Ni mimi, afande," alisema Rweyongeza. Hakujificha, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

"Ile ndege ilikuja kumchukua mama aliyeshindwa kujifungua. Rubani ameona kitu hewani, hakujua ni nini. Ungekuwa wewe rubani, ungetua?"

"Nisingetua." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Yule mama je?"

"Ameshapakiwa, wanaondoka. Una ruhusa ya kurusha?"

Rweyongeza akatoa kibali chake. Afande akakisoma chote, kwa adabu, akamrudishia. "Hiki ni kizuri sana, ndugu yangu. Lakini ni cha kwenu. Kila nchi ina sheria zake za anga. Wapo wanaotaka uiandikishe kwao kwanza, wapo wasiotaka hata uingie nayo. Huulizwa kabla ya kufunga mizigo, si baada ya kurusha. Ungeuliza, ungeambiwa pia kwamba hapa kuna kiwanja."

"Nilidhani anga haina mwenyewe, afande."

"Mbona leo ilikuwa na mwenyewe? Alikuwa yule mama."

Rweyongeza akainamisha kichwa. Afande akaichukua droni, akasema itakaa kituoni mpaka siku ya kurudi kwetu, na kwa kuwa tumekuja harusini, atatuachia kwa onyo tu. Baba mkwe wa mama yenu akamshukuru, akampa maziwa.

Sasa ikabaki kumpigia bibi yenu simu. Rweyongeza alizunguka zizi na simu mkononi kabla hajapiga. Akamweleza yote, hata turubai. Tulikuwa tumemzunguka, simu ikiwa na sauti ya juu.

"Nisamehe, mama. Malaika wamenyang'anywa mabawa."

Upande wa pili tukasikia kitu ambacho hatukukitarajia: bibi yenu anacheka, huku akilalamika kwamba nyonga inauma.

"Rweyongeza, nilikufundisha nini? Ukifika kwa watu, hata kama mlango uko wazi?"

"Nipige hodi."

"Sasa huko juu uliingia kwa hodi ya nani? Mwanangu, hata angani hupigwa hodi!"

Boma zima likaangua kicheko. Baba mkwe alirudia yale maneno kwa lugha ya kwao, na wazee wakapiga makofi.

"Lakini mama, picha za kutoka juu?"

"Kwani huko Ankole vilima vimekwisha?"

Tukatazamana. Kilima kilikuwa mbele yetu muda wote! Kilikuwa kwenye shamba la jirani, na safari hii Rweyongeza hakungoja kuambiwa. Alikwenda mwenyewe hadi mlangoni kwa jirani yule, akapiga hodi, akaomba. Jirani akampa ruhusa, akampa na kigoda cha kukalia. Siku ya harusi Rweyongeza alikuwa juu ya kilima na kamera yake ya kawaida, akiwapiga picha za video wachezaji, ng'ombe, na turubai lililosimamishwa upya likiwa limepinda kidogo. Mama yenu, kabla ya kuingia ndani na mumewe, aligeukia kilimani akapunga mikono yote miwili. Tuliporudi nyumbani, bibi yenu alipoiona sehemu hiyo, alituomba tuirudie mpaka chai ikapoa.

Ulipozaliwa wewe, mkubwa wao, tukaalikwa tena kwenda kukuona. Mjomba wenu alianza kuuliza mapema sana, baba yenu akimsaidia huko. Ruhusa ikapatikana, pamoja na masharti: asiirushe juu kuliko alivyoambiwa, asipite juu ya watu, asikaribie kiwanja, na asiiache droni itoke machoni pake. Masharti ya ng'ombe aliongeza baba mkwe.

Safari hiyo bibi yenu alikwenda nasi, akitembea kwa mkongojo, amevaa lile gauni lake. Afande Tumwine naye alialikwa, akaja bila sare. Rweyongeza akaiweka droni kwenye majani, mbali na zizi, tayari kurusha.

"Ngoja," bibi yenu akamwambia. Akasogea, akainua uso juu, akaita kwa sauti yake yote, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Afande Tumwine ndiye aliyewahi kujibu. "Karibu, mama!" Na boma zima likapokea, "Karibu!"

Ndipo droni ikapaa, taratibu, na safari hii hapakuwa na aliyekimbia. Maneno yale yakavuka mto pamoja nasi, yakaingia sokoni, yakaingia kanisani, hadi watu wasiotujua wakawa wanayasema. Basi mkimwona mtu anaingia mahali eti kwa sababu hapana ukuta wala mlango, mwambieni kama alivyosema bibi yenu: hata angani hupigwa hodi.