Uji wa Tusa

Gudu. Gudu. Gudu. Mnaisikia? Nyinyi wageni mtadhani kuna mtu anapika uji wa matanga usiku huu, lakini hakuna, hiyo ni chemchemi yetu ya maji moto, inachemka yenyewe kule nyuma ya migomba, haijanyamaza hata siku moja tangu nilipoolewa hapa. Sogeeni. Nina kisa cha watu watatu na nakisimulia haraka, maana kesho ukoo unakaa kikao, natakiwa niende na jibu, na jibu sina.

Wa kwanza ni baba mkwe wangu, mzee Ambakisye, mtu wa kutazama. Kitu wengine wanakipita kila siku, yeye anakikalia mchana kutwa mpaka kimwambie kilivyo. Wa pili ni wifi yangu Subilaga, fundi cherehani, mikono yake ilikuwa myepesi mpaka watu wakisema huyu akikupapasa begani umeshapimwa gauni. Wa tatu ni jirani yangu Sekela. Yeye ufundi hana, ana moyo tu, akishakuamini amekuamini.

Na katikati yao yuko Tusa, mwanangu, hajatimiza mwaka.

Mafuriko ya mwaka huu yalimchukua baba yake Tusa. Yalichukua ng'ombe, yalichukua mahindi ya mbegu na ulezi, yakatuachia tope. Maziwa yangu yakakauka kwa kilio. Kikaja chakula cha msaada, unga, unga mwingi tu, lakini mtoto koo lake lilikuwa limedhoofika, uji mzito hauwezi, ukimpa unamkaba mpaka anabadilika rangi. Nikampikia mwepesi. Anakunywa, tumbo linajaa maji, na mwili unaisha. Wanawake wakipita wakinicheka, mama Tusa huo ni uji au maji ya kunawa? Muuguzi akaniambia pika mzito, kisha weka unga wa kimea, utalegea wenyewe na nguvu yake itabaki humo humo. Kimea nitatoa wapi? Mbegu zimekwenda na maji, na unga hauoti.

Siku ambayo Tusa alishindwa hata kulia nilitoka nje nikasema mbele ya watu, atakayemfanya mwanangu ameze, mtoto ni wake. Jamani, si ndivyo tunavyosema? Ukimpa jirani mtoto akushikie unamwambia mbebe mwanao. Nilisema hivyo, kwa ulimi huo huo wa kila siku.

Baba mkwe akasikia. Sasa kwetu baba mkwe na mkamwana hawaonani uso. Akipita mimi naingia ndani, nikikutana naye njiani najitupa kwenye migomba, na kusemezana ndiyo kabisa hakuna. Yule mzee alikuja mpaka nyuma ya jiko langu, akasimama amenipa mgongo, watu wanaona, akasema, "Mama Tusa, sikuangalii, lakini nisikilize. Sufuria mnazoloweka kwenye chemchemi, ukoko unaachia wenyewe. Mkiloweka kwa maji ya moto ya jikoni, hauachii. Kuna kitu mle kinakula unga." Mimi nimefika kidato cha nne, nikataka kumwambia kwamba kimeng'enya kinachovunja wanga, kile cha kwenye mate na kwenye kimea, ukikichemsha kinakufa, tulifundishwa hivyo. Kisha nikasikia gudu gudu ile nyuma ya migomba. Nikajiuliza, kitu kilichozaliwa ndani ya maji yanayochemka, sufuria yangu itakitisha nini? Tangu siku ile wazee wenzake hawali naye, wanasema amemsemesha mkamwana.

Subilaga akachukua kazi. Kwanza tulichota ute, ule utelezi unaoota kwenye mawe ya chemchemi, wa pembeni kwenye maji ya vuguvugu, tukautia kwenye uji unaochemka, uji ukabaki mzito vile vile. Akasema hawa wadudu wa pembeni ni waoga, twende jichoni. Jichoni maji yanaruka na ute umeganda kwenye jiwe kama ngozi. Akafunga upawa kwenye mti, ukateleza. Akajaribu kibuyu, kikapasuka. Mimi nilikuwa nimembeba Tusa mgongoni, kichwa chake kinaniangukia huku na huku, Subilaga akakiangalia kile kichwa, akavuta pumzi, akaingiza mkono. Hakupiga kelele. Alitoka na ute umejaa kiganjani na akakataa kufungua vidole mpaka nilipomletea bakuli. Vile vidole vimepona vimeshikana. Cherehani ipo kona ile, imefunikwa kanga.

Nikapika uji mzito wa kusimamisha mwiko, nikautia ule ute ukiwa unachemka, nikaendelea kukoroga. Mwiko ukaanza kuwa mwepesi mkononi. Nikakoroga tena. Uji ukawa unamiminika kama maziwa, unga ni ule ule, sikuongeza maji hata tone, na nikauacha uchemke sana kwa hofu. Lakini hofu haikuisha, maana nani anampa mtoto ute wa chemchemi? Tusa alivyokuwa, kosa moja lilimtosha. Sekela akachukua bakuli. Mafuriko yalimchukua binti yake, amebakiwa na mwanawe mdogo Lusajo peke yake, na ndiye aliyempakata akamnywesha uji ule mbele yetu. Nikamwambia acha, akasema, "Wangu ana nguvu ya kupambana, wako hana." Usiku Lusajo alitapika, nikasikia Sekela akimwimbia mpaka kukakucha. Asubuhi mtoto akanyoosha mkono, anataka bakuli.

Ndipo nikampa Tusa. Kijiko kikaingia, nikangoja akohoe. Nikasikia koo likisema gu. Akameza. Sasa hivi ana mashavu, njooni mmtazame, huyu hapa amelala.

Na wote watatu wamekuja. Hawakuja kwa ugomvi, ingekuwa ugomvi ningejua la kufanya. Baba mkwe ametuma neno kwamba mwanawe amekufa, mimi bado kijana nitaolewa kwingine, Tusa abaki kwake, na kwamba bila kinywa chake pasingekuwa na uji. Subilaga hakuzaa. Aliweka ule mkono mapajani pangu akasema, "Wifi, huu ndio ulikuwa mume wangu na mtoto wangu. Nipe huyo awe mkono wangu." Sekela alisimama mlangoni, hakutaka hata kukaa, akasema yeye alimtoa wa kwake, mimi ninamnyima huyu wangu?

Nimefikiria kukimbia. Kitenge nimeshakifunga mara mbili nikakifungua. Nikienda kwa mama yangu kule juu, nako mbegu za kimea hakuna, na ute ukipoa njiani unakufa, nimejaribu, na uji mzito Tusa bado haumezi. Nikibaki, ananyang'anywa. Nikiondoka, anakufa njaa mgongoni kwangu.

Basi semeni. Mzee asingevunja mwiko, tusingejua. Wifi asingeingiza mkono, tusingepata. Sekela asingemtoa Lusajo, nisingethubutu. Mtoto ni wa nani kati yao? Au ni wa mimi niliyekoroga, ingawa nilishatamka? Ungekuwa wewe ndiye unayeingia kwenye kikao kile kesho, ungemweka Tusa mapajani pa nani?

Usilitaje jina kwa sauti, wifi amelala chumba cha pili. Njoo uninong'oneze sikioni. Nitakalosikia kwako sitamwambia mwingine yeyote, hata yeye Tusa akikua akaniuliza.