Mama Zamda na Dirisha Jeusi

Ndugu zangu, tukae vizuri, na walio mlangoni wasogee ndani, nafasi ipo. Dada zetu nyuma ya pazia, nadhani sauti inafika. Leo nina habari ya mke na mume. Ni mfano tu, asiondoke mtu hapa akaanza kutafuta ni nyumba gani.

Mume alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha kamba za mkonge, upande wa Korogwe. Mkewe alifundisha watoto wa chekechea. Walikuwa na binti, Zamda, ndiyo maana mtaa mzima uliwajua kwa Baba Zamda na Mama Zamda. Kiwanda kikafungwa. Wazazi wa watoto wale wakahama kufuata kazi kwingine, na chekechea nayo ikabaki haina watoto.

Wakasikia kuna taasisi inafundisha watu kuandika programu za kompyuta wakiwa majumbani kwao, na wanaomaliza wanaingizwa kwenye kundi linalopewa kazi. Wakajiandikisha wote wawili. Kompyuta walikuwa nayo moja, ya mezani, ya zamani kidogo. Wakapanga: asubuhi ya mume, mchana ya mke. Mpaka hapo, nani hapendi nyumba ya namna hiyo?

Sasa wazee wangu wa safu ya mbele mnivumilie kidogo, nieleze. Kabla ya masomo kushika kasi, mwanafunzi hutakiwa kuandaa kompyuta yake. Anaweka mfumo unaoitwa Linux, kisha anaweka vifaa vya kazi, yaani programu ndogo ndogo za kutengenezea programu nyingine. Na vifaa hivi huviweki kwa kubonyeza picha. Unafungua dirisha jeusi, ndani hamna kitu ila kijistari kinachopepesa, na unaandika amri kwa herufi. Ukiruka nukta, inakataa. Ukisahau kuacha nafasi, inakataa. Wanaoanza wengi hukata tamaa hapo hapo, hawajaonja hata somo lenyewe, wakaondoka wakiamini kwamba akili ya mambo hayo hawana.

Baba Zamda ndiye aliyeweka mfumo, maana kompyuta aliizoea tangu stoo. Akajifungulia akaunti, yaani sehemu yake ndani ya mfumo, kisha akamfungulia mkewe sehemu yake, ili kazi zao zisichanganyike. Halikuwa jambo baya. Mchana wa zamu yake Mama Zamda akaketi, akafungua dirisha jeusi, akaandika amri kama ilivyo kwenye maelekezo. Kompyuta ikamjibu kwa Kiingereza kwamba ruhusa imekataliwa. Maneno aliyajua tangu shuleni, ila alidhani ndivyo mashine inavyomwambia mtu kuwa amekosea. Akarudia. Jibu lile lile. Akamwita mumewe.

Baba Zamda akaja, akainama, akatazama, akaelewa papo hapo. Mashine ya namna ile ina msimamizi wake, na msimamizi alikuwa yeye. Sehemu aliyomfungulia mkewe ilikuwa ya mtumiaji wa kawaida, ambaye hawezi kuingiza kifaa chochote mpaka msimamizi aandike neno lake la siri. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Mkono wake ulishafika kwenye kibodi.

Lakini asubuhi ile mwalimu wao, Bi Hidaya, alikuwa amesahihisha zoezi la kwanza, lile la kufikiri tu, la kuandika kwenye karatasi na kutuma picha. Akaandika kwenye kundi la WhatsApp, wanafunzi wote wakiona, kwamba jibu la Mama Zamda ndilo lililopangika kuliko mengine. La Baba Zamda hakulitaja. Neno hilo lilikuwa bado linamchoma mume. Akauondoa mkono.

"Umekosea mahali," akamwambia. "Soma maelekezo vizuri."

Akatoka nje.

Hakuwa amepanga. Na nani kati yetu hupanga? Mtu haamki akasema leo nitamdhulumu mke wangu. Inapita dakika moja, moyo unabana kidogo, mkono unarudi nyuma, basi. Kesho yake inakuwa vigumu kuusogeza tena, maana utaulizwa kwa nini jana hukufanya.

Mama Zamda akasoma maelekezo. Akayasoma tena kwa kufuatisha kidole, kama alivyokuwa akiwafundisha watoto. Alifuta kila alichoandika, akaanza upya. Kila zamu yake ilipofika alijaribu, akakataliwa, akamwuliza mumewe, na kila alipouliza majibu yalizidi kuwa mafupi, mpaka siku moja akaambiwa kwamba mambo haya si ya kila kichwa. Kwenye kundi hakuthubutu kuuliza. Nyumbani ameshaambiwa kosa ni lake, akalitangaze na kwa watu?

Na sikilizeni kilichoharibika, maana si vifaa vya kompyuta. Mwanamke huyu alikuwa amewafundisha nusu ya watoto wa mtaa ule kusoma. Sasa akisoma maelezo kwenye chupa ya dawa, anayarudia, hajiamini. Akipewa chenji dukani, anamwomba Zamda ahesabu. Shemeji yake akimwomba maoni juu ya jambo la familia, anasema mwulizeni Baba Zamda. Mtu mzima, mwenye akili zake timamu, anapungua ndani ya nyumba yake, na mwenziwe anaona.

Mwisho akamwandikia Bi Hidaya kwamba anajitoa. Akaomba radhi kwa kumpotezea muda, akasema amejaribu lakini kichwa chake ni kizito. Mwalimu akamjibu kwamba hamkatalii, ila kabla hajaondoka ampigie picha kioo cha kompyuta, aone inakwama wapi. Akapiga, akatuma, akaenda zake jikoni. Simu ilipolia akaja kusikiliza ujumbe wa sauti.

"Dada yangu," mwalimu alisema, "hapa hujakosea hata herufi moja. Mashine haisemi kwamba hujui. Inasema hujaruhusiwa. Zungumza na aliyekuwekea."

Mama Zamda akazima jiko. Akaketi kwenye kiti cha kompyuta, mikono mapajani, akamngoja mumewe arudi kutoka swala ya alasiri.

Alipoingia, mke hakumgombeza. Alimwuliza, "Baba Zamda, mimi nilikosea wapi?"

Mume akaitazama simu iliyokuwa mezani, akajua. Akamwambia hakukosea.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza." Akavuta kigoda, akaketi mbele ya mkewe. "Niliogopa utanipita. Na mimi mwenyewe nimekwama, Mama Zamda. Vifaa ninavyo vyote, lakini kuna kimoja hakifanyi kazi, na nimeona haya kuuliza kwenye kundi, kwa kuwa na wewe umo. Wenzetu wamefika mbali. Mimi nikikaa hapa asubuhi natazama kioo tu."

Mke akasema, "Ungeniambia. Tungeuliza pamoja."

Mnaona, ndugu zangu? Aliyekuwa na ruhusa hakuwa na ujasiri wa kuuliza. Aliyekuwa na ujasiri wa kuuliza hakupewa ruhusa. Nyumba moja, kompyuta moja, na wote wawili wamekwama, na kila kitu walichohitaji kilikuwemo mle mle ndani.

Baba Zamda akainuka, akaandika lile neno la siri, akampa mkewe mamlaka sawa na yake. Kabla ya adhana ya magharibi vifaa vyote vilikuwa vimeingia, na mke ndiye aliyeuliza kwenye kundi, wazi kabisa, juu ya kile kifaa cha mumewe. Akajibiwa, akakitengeneza. Darasa lilikuwa limeshawaacha, lakini Bi Hidaya akawapokea katika kundi lililofuata. Wakamaliza. Leo wote wawili wanafanya kazi ile, nyumba inaendeshwa kwayo.

Mnadhani habari imeishia hapo? Mngependa iishie hapo, na mimi ningependa.

Baada ya muda Baba Zamda alikwenda kwa imamu wa mtaa wao kulalamika. Akasema mke wangu ananiheshimu, chakula naandaliwa, salamu napewa, hanikosei adabu hata siku moja. Lakini haniulizi kitu. Mtoto akiwa na homa, anampeleka zahanati, mimi naambiwa wakisharudi. Akikwama kwenye kazi anawauliza watu wa mbali asiowajua, na mimi nimekaa pembeni yake. Shekhe, nimeshaomba radhi, amesema amenisamehe. Sasa nifanye nini ili aniulize?

Imamu akamsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, "Alipokuwa anakuuliza, ulikuwa unamjibu nini?"

Baba Zamda akainuka. Akavaa viatu vyake, akaenda.

Ndugu zangu, tusimcheke. Tujitazame sisi. Yuko fundi hapa ana mwanafunzi mwaka wa ngapi sijui, kamfundisha yote isipokuwa ile hatua moja, na kazi ikiharibika anamwambia wewe huna mkono wa ufundi. Yuko baba ambaye mwanawe hajawahi kuachiwa kuamua kitu, halafu anawaambia watu mtoto huyu hawezi kuamua. Hata sisi wa msikiti huu. Tunasema akina mama hawayaelewi mambo ya kamati. Kikao kinafanyika lini, nani aliwahi kuwaambia? Tunafunga mlango, kisha tunamhukumu mtu kwa kutoingia. Na yeye, kwa kuwa anatuamini, anakubali hukumu. Hapo ndipo penye dhambi yenyewe. Kumnyima mtu kitu ni jambo moja. Kumfanya aamini kwamba amekikosa kwa upungufu wake, hilo ni jambo jingine, na Mwenyezi Mungu atatuuliza juu yake.

Tusijidanganye kwamba radhi inarudisha kila kitu. Mama Zamda alisamehe, na alisema kweli. Lakini kuuliza ni kumwamini mtu, na imani ile aliileta kwa mumewe kila mchana, naye kila mchana akaikataa.

Kwa hiyo ukitoka hapa leo, usipitie dukani kununua zawadi. Nenda moja kwa moja kwa yule unayemjua wewe, mkeo, mdogo wako, mwanafunzi wako, umwambie kwa kinywa chako: ulikuwa unaweza, mimi ndiye niliyekuzuia. Halafu ukae. Akilia, kaa. Akinyamaza, usimharakishe.