Pazia la Bi Nguchiro na Hodi ya Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa jiji.
Tuonyeshe nyumba zake!
Nyumba tele, pa kuweka gari hapana.
Tukae wapi basi?
Kaeni papo hapo mlipo, mimi siwafukuzi.

Basi hapo kale, wanyama walipokuwa wakiendesha magari na watu wakienda kwa miguu, alikuwapo Bi Nguchiro. Kadogo hako! Ukikaona kwa mbali utadhani ni mkia uliompoteza mwenyewe. Lakini alikuwa na gari lake, pikapu kuukuu. Likiwashwa hukohoa kwanza, koho, koho, koho, kisha ndipo lingurume. Ili aione njia, Bi Nguchiro alikalia kinu kilichopinduliwa. Juu ya kinu mto, juu ya mto ndiye yeye. Miguu ilifikaje chini? Msiniulize, mimi si fundi.

Ikaja habari kwamba binti yake Mize, aliyeolewa jijini, kajifungua, na Ijumaa mtoto anatolewa nje. Sasa kwao, mtoto akitolewa nje mara ya kwanza, anayemvusha kizingiti ni bibi mzaa mama. Bibi huyo asipofika kabla jua halijasimama utosini, basi humvusha bibi mzaa baba. Na bibi mzaa baba wa mtoto huyu alikuwa nani? Bi Kicheche! Harufu ya kicheche mnaijua? Mjukuu wa kwanza, pumzi yake ya kwanza ya nje, iwe ile?

"Haiwi!" akasema Bi Nguchiro. "Nikiwa hai, haiwi!"

Akapakia mkungu wa ndizi. Akapakia bakuli la halua. Akapakia sufuria ya pilau na mkeka wa kulia. Akapakia na pazia jipya la maua, la mlango wa Mize.

Majirani wakamwambia, "Shoga, panda basi. Jijini gari ni mzigo."

"Mzigo? Mgeni wa gari ndiye anayefunguliwa mlango kwa mikono miwili!"

Koho, koho, koho, vruuum! Huyo, kaenda.

Kufika jijini, lo! Salaale! Barabarani magari, juu ya mitaro magari, mlangoni kwa kinyozi gari, kinyozi mwenyewe anatokea dirishani na wembe wake mkononi. Bi Nguchiro akabaki mdomo wazi. Nzi angeingia akazuru akatoka, asijue.

Akazunguka, akazunguka, akaona upenyo. Akaliingiza gari, kri, kri, kri. Hata hajazima moto, ardhi ikatikisika, tim! tim! tim! Kiboko huyo.

"Hapa pana mwenyewe!"

"Mwenyewe nani, mwanangu?"

"Mimi!"

"Basi mwenyewe, nistahi nisimame kidogo."

"Lete kionjo."

Akampa mkungu wa ndizi. Ngwamu! Ukaenda na maganda yake na shina lake. Kiboko akajifuta mdomo. "Haya, ondoa gari."

"He! Na ndizi zangu?"

"Ndizi zilikuwa za kusimama. Kuegesha ni kingine."

Mtume! Bi Nguchiro alihisi manyoya yamemsimama kuanzia kisogoni mpaka ncha ya mkia. Kwao, mtu akila chako hukuona ndugu. Huyu kala, na anakufukuza!

Akaenda mtaa wa pili. Akaona upenyo. Akaliingiza gari, kri, kri, kri. Tim! tim! tim!

"Hapa pana mwenyewe!"

"Mwenyewe nani tena?"

"Mimi! Lete kionjo."

Akampa halua. Ngwamu! Ikaenda na bakuli lake. "Haya, ondoa gari."

"Na halua yangu?"

"Halua ilikuwa ya kuzima moto. Kuegesha ni kingine."

Masikini Bi Nguchiro! Akaenda mtaa wa tatu, akaona upenyo pembeni ya nguzo. Na ng'ambo ya kona, mkabala na shule, ndiyo nyumba ya Mize ile! Vigelegele vinasikika! Akachungulia juu ya ukuta, akamwona Bi Kicheche kasimama mlangoni, kajifukiza udi gunia zima, mikono kaikunjua tayari. Akatazama kivuli cha nguzo. Kimebaki kama kofia.

Juu ya waya alikaa Kunguru, mwenyeji wa mji.

"Bwana Kunguru, hao viboko wako wangapi?"

"Mmoja tu, bibi. Jiji lote kalimeza yeye. Na usithubutu kuliacha gari ukaenda zako. Hulisukuma mtoni."

"Mtoni!"

"Chubwi! Jana la Pundamilia. Ameketi ukingoni mpaka sasa, analipungia mkono."

Bi Nguchiro akashika kichwa. Akiondoka, gari chubwi. Akibaki, mtoto anakwenda mikononi mwa Bi Kicheche. Akaangalia nyuma ya gari; ukiacha mkeka, kimebaki nini? Pilau na pazia.

Pilau na pazia. Aa!

Akashuka upesi. Akalitundika pazia la maua, ncha moja kwenye kioo cha gari, ncha ya pili kwenye nguzo. Nyuma yake akatandika mkeka. Katikati ya mkeka akaweka sufuria, akafunua. Mvuke wa bizari na karafuu ukapanda, ukakunja kona, ukaenda kumtafuta mwenyewe.

Tim! tim! tim! Kisha, kimya. Pua zinanusa, fuu, fuu.

Kiboko alikuwa mlafi, lakini na yeye alizaliwa na mama. Na katika nchi ile, hata mwizi akikuta pazia limeshushwa hupiga hodi. Nani anajua nyuma ya pazia kuna mama wa nani anaoga?

"Hodi!"

Bi Nguchiro kimya.

"Hodi jamani!"

"Nani huyo?"

"Mimi Kiboko."

"Uko wapi?"

"Niko nje."

"Sisikii, mwanangu, masikio ya uzee haya. Paza sauti."

Kiboko mate yanamdondoka, akanguruma mtaa mzima ukasikia: "NIKO NJE! HODI HUMO NDANI! NAOMBA KUINGIA!"

"Ala! Karibu, mwanangu, karibu ndani. Vua viatu."

Akavua. Akaingia. Ngwamu, ngwamu, akala mpaka ukoko, akalamba sufuria ikang'aa. Akabeua, bweeeu! "Haya bibi, pilau ilikuwa ya kukaa. Sasa ondoa gari."

Bi Nguchiro akalifungua pazia, fyaa!

"Jirani zangu! Mgeni huyu mmemsikia?"

Punda mchukuzi wa maji akasema, "Tumemsikia." Kinyozi akasema, "Tumemsikia." Kunguru akasema, "Mpaka wa ng'ambo kamsikia!"

"Kafanya nini?"

"Kapiga hodi!"

"Nani kamwambia karibu?"

"Wewe, bibi!"

"Jamani, mtu hupiga hodi kwake?"

"Haijapata kuonekana!"

Kiboko akatoa macho. "Lakini... lakini mwenyewe ni mimi!"

"Mwenyewe gani anavua viatu nje?" akasema Punda. "Wewe mgeni, na umeshiba. Mgeni akishiba hufanywaje?"

"Husindikizwa!" mtaa ukajibu.

"Twende, mwanangu, nikusindikize," akasema Bi Nguchiro, akamshika ncha ya kidole. Akatoka naye mpaka kwenye kona, pole pole, kwa heshima zote. "Haya, wasalimie nyumbani."

"Zimefika," likajibu domo la Kiboko lenyewe, kwa mazoea. Akasimama pale kona viatu mkononi, anajiuliza: nyumbani kupi?

Bi Nguchiro hakungoja. Pu, pu, pu, pu! Mbio! Bi Kicheche keshainama, vidole vimegusa nepi.

"Mkwe wangu, nipishe, mwenye zamu kafika!"

"Aa, wewe!" akasema Bi Kicheche. "Sisi tulijua unahangaika kutafuta pa kuegesha."

"Kuegesha? Nimeegesha kwangu."

Akamtwaa mjukuu, akamvusha kizingiti, jua ndiyo kwanza linataka kuwasimamia utosini. Ariririririi! Mtoto akavuta hewa, akapiga chafya ya raha.

Alasiri akarudi mtaani kuchukua gari. Lo! Masalale! Gari lipi lake? Mtaa mzima magari yametundikwa vitambaa: hili kanga, lile shuka, lile gunia la mkaa. Na Kiboko anazunguka, viatu bado mkononi. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Na mwenye kupiga hodi tatu asiitikiwe hurudi alikotoka. Akahamia gari la pili, akaanza upya, sauti imemkauka imekuwa ya panya. Nyuma ya gunia la mkaa mtu alikuwa anajiziba mdomo, hi hi hi.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Aliyeipenda aingie nayo, asiyeipenda aiache nje.

Na funzo lake, wajukuu zangu, ni hili: adabu ni hasara. Kiboko kaponzwa na mama yake aliyemfunza kupiga hodi. Bila hodi angekuwa anakula jiji mpaka leo. Basi kuanzia kesho msipige hodi popote. Ila kwangu. Kwangu atakayeingia bila hodi, mwiko wa ugali uko pale nyuma ya mlango.